Vioo vya Miwani ya Sinema

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Tabora tu wazima. Goti la bibi yako limepona, ulimi bado mkali.

Unauliza kwa nini hadubini yako haiingii giza ili chenga za sampuli zing'ae, ingawa umeweka vioo vya miwani ya sinema ya 3D, kimoja chini ya sampuli na kingine juu. Hata mimi yalinikuta, siku mwenye mgahawa aliporudisha ndoo ya asali ya Mama Kashindye wa Sikonge. Asali ilikuwa imeganda chenga, naye akadai ni sukari. Mama wa watu angepoteza mteja na jina, akaniletea niipime kwa hadubini yangu.

Nilizungusha kioo cha juu mpaka shingo ikauma. Mwanga ulibaki palepale. Bibi yako akachungulia.

"Umevipanga kama watu wa foleni, mmoja anatazama kisogo cha mwenzake. Wataamkianaje hao? Mgeuze mmoja watazamane!"

Nikageuza cha chini, upande unaoelekea pazia la sinema mtu akivaa miwani ukawa juu. Giza likatanda, na chenga za asali zikang'aa kama sindano. Hata nilipozungusha sampuli hazikuzimika. Nikaweka na sukari ya dukani: mapande manene kama matofali, hakuna sindano hata moja. Basi chenga za Mama hazikuwa sukari ya kuongezwa.

Mwenye mgahawa alitazama, akamgeukia Mama Kashindye aliyekuwa akisubiri mlangoni. "Mama, nisamehe. Ndoo naondoka nayo." Kisha akaniuliza akili ya kugeuza kioo niliitoa wapi. Nikamwambia ni uzoefu wa miaka. Bibi yako akakohoa mpaka nikasahihisha maelezo.

Nawe geuza cha chini, kimoja kiwe cha jicho la kulia, kingine la kushoto. Ukifanikiwa, shukrani mwandikie yeye.

Ni mimi babu yako.