Uvimbe Uliokataa Kupungua

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Na kile kifua chako kimepona, au bado unakidharau kama kawaida yako? Mimi mzima. Barua hii nampa jirani yetu fundi saa akuletee, kwani mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu. Nalala chumba kimoja na Mama, na masikio yake hayajaugua.

Ulipoambiwa kwamba baada ya mionzi yote ile uvimbe wa Mama wa mlango wa kizazi haujapungua, ulisema basi, aache hospitali apumzike nyumbani. Sikulaumu, uko mbali. Lakini daktari aliomba picha nyingine kabla hatujakata shauri, nami nikakubali bila kukuuliza. Kama nimekosa, nigombeze mimi.

Mashine ni ile ile ya MRI, ila safari hii haikutazama ukubwa peke yake. Inaonyesha maji yanavyotembea ndani ya uvimbe: seli zikiwa hai zimebanana, maji hukosa njia, zikifa, hupita. Kisha humchoma mgonjwa dawa ya mshipani, waone damu inafika wapi na wapi haifiki. Kumbe uvimbe unaweza kubaki na ukubwa wake ilhali ndani umeshakufa.

Mama yako alitutia aibu. Alipewa kipira cha kubonyeza akizidiwa. Mashine ile hugonga sana, naye kila ikianza kugonga anabonyeza. Wanaisimamisha, wanaingia mbio, hana lolote. Mwishowe mpiga picha akamuuliza ana nini. "Mwanangu, mtu anabisha hodi muda wote huo, nisimwitikie?" Yule dada alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia, maana ni siku nyingi sijamsikia Mama akiwa Mama.

Majibu tulipewa Alhamisi. Sehemu kubwa ya uvimbe imekufa. Imebaki pembe moja, upande wa kibofu, nayo iko hai, inapata damu. Daktari anataka kuiwahi kwa mionzi ya ndani, ile inayowekwa karibu na uvimbe wenyewe, mwezi ujao. Hakutuahidi kupona. Alisema nafasi ipo, tukichelewa itapotea. Naogopa, Kaka, lakini maji tumeshayavulia nguo.

Nilidhani Mama atafurahi. Wapi! Jioni, akikunja nguo zake, akaniuliza, "Ni kweli Mkubwa alisema niachishwe hospitali, nikae nyumbani?" Sijui nani alimpenyezea. Nilishindwa kumdanganya. Tangu hapo anasema amechoka na hospitali, wala haguswi tena na mtu.

Mimi nimembembeleza nimeshindwa. Ni wewe uliyebaki. Ukimpigia, habari za mashine ziache, hizo anazijua kukushinda. Mwambie unamtaka awepo.

Mjomba anakusalimu sana, na Shangazi anasema watoto uwakumbushe kwamba wana bibi wawili. Mungu akufungulie kauli njema, na akulinde wewe na wote walio chini ya dari yako.

Mama hajakutumia salamu. Nilimuuliza mara mbili. Alisema anangoja zako kwanza.

Nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,
Mdogo wako, Kitindamimba