Hema Lako Limesimama Tena

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla hujauliza: Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua kukiwa na baridi. Wifi anaendeleaje? Na binti yetu, bado anaparamia kuta? Mimi nipo. Saluni inakwenda, miguu inavimba kwa kusimama, lakini mikono haijachoka.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kambi. Nilipokudokezea kwenye simu kwamba nimeanzisha kundi la skauti wa kike hapa mtaani, ulicheka. Nilipomwombea binti yako ruhusa ya kuja likizo ijayo, ukasema mtoto wa kike halali nje. Basi Jumamosi tumelala nje, uani kwetu, chini ya kamba ya nguo, mimi na wasichana wanane, wengi wao watoto wa wateja wangu.

Hema lilikuwa lako, lile la kijani. Panya wamelitafuna pembeni, nikalitia kiraka cha gauni langu kuukuu. Bado linanuka mafuta ya taa, kaka. Nilisimama na pua ndani ya turubai kama mwehu, nikawaona wewe na skauti wenzako usiku ule mlipolala uani, skafu shingoni, mkirushiana viazi vya moto na kuimba ovyo. Na mimi nyuma ya dirisha la jikoni, nimekumbatia mto wangu, nalia mpaka kwikwi. Mama alikuwa amesema vilevile, mtoto wa kike halali nje, akageuza ufunguo. Jambo lile nimelibeba miaka yote. Hata mwaka jana nilipokuwa namuuguza, nilikuwa bado nalo.

Wasichana walisimamisha hema, likaanguka. Wakalisimamisha tena, likaanguka na binti wa muuza nyama akiwa ndani. Mmoja tunayemwita Wakili, kwa kuwa habishiki, akatangaza kwamba kosa ni la ardhi. Mama, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, uvumilivu ukamwishia. Akaja akichechemea, akawafungia kamba zote, fundo lilelile lako. Nilimuuliza kajifunzia wapi. Akasema ni kwako, ulipokuwa ukifanya mazoezi sebuleni mpaka meza yake ikafungwa miguu kama mbuzi wa mnadani.

Giza lilipoingia, binti wa muuza nyama akataka kwao. Mama akamwambia asilie, watalala wote. Ungemwona bibi mzima akiingia hemani kwa makalio, akituonya kwamba atakayecheka atalala na paka.

Wasichana waliponyamaza, nikamuuliza kwa upole kwa nini siku ile alinifungia. Alinigeukia gizani. Kisha akasema:

"Blanketi lako nilikuwa nimeshalikunja, mwanangu. Kaka yako akaja jikoni analia, ati wenzake watamcheka akiwa na dada yake. Nikaona heri unichukie mimi. Mama huchukiwa, kisha husamehewa. Nyinyi nilitaka mpendane."

Kumbe ni wewe, kaka.

Nimekaa na maneno hayo siku kadhaa kabla ya kukuandikia. Nimeitafuta hasira, nimeikosa. Ulikuwa mtoto, na kicheko cha wenzio kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yetu. Nilichokipata ni mama yangu. Asubuhi yake nilimkanda goti kwa mafuta ya moto, akaniambia leo mikono yangu ni mizito; nikashindwa kumweleza kwamba nilikuwa sitaki kuiondoa.

Sasa nakuomba, mlete binti yako likizo. Usimtume na mtu, mlete mwenyewe, umfundishe lile fundo kwa mikono yako, kisha umwache alale nje na wenzake. Mama ameahidi kwamba hatamwambia kitu kuhusu siku ile ya jikoni. Mimi sijaahidi.

Nisalimie wifi sana. Mama anasema ule vizuri, na kwamba sauti yako kwenye simu imekonda.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kiroboto