Kunguru Walipofika Kasulu

Mpendwa Mama,

Kunguru walifika Kasulu. Wale wale wako wa Tanga, wenye shingo ya kijivu na jeuri ya mgeni asiyebisha hodi. Nilikuwa nafungua duka asubuhi, nikasikia ile sauti juu ya bati, nikasimama na kufuli mkononi. Miaka yote niliyokaa huku bara sijawahi kuisikia. Kitu cha kwanza kilichonijia ni wewe, kanga umeifunga kiunoni, unawarushia mawe uani kwetu.

Ulivyowachukia wale ndege. Ulisema ulipokuwa msichana Tanga ilikuwa na ndege wa kila rangi, kisha hawa walioletwa kutoka ng'ambo wakala mayai, wakala makinda, wakamaliza. Nilidhani unatia chumvi, maana wazee wote husifu zamani zao. Nimekulia kwenye makelele ya kunguru, nikajua asubuhi ndivyo inavyolia.

Mpaka siku ulipokuja kunitazama nilipojifungua Rehema. Ile alfajiri ya kwanza ulimaliza kuswali, ukafungua mlango wa uani. Nyuma ya duka pana mchikichi mrefu uliojaa viota vya mnana hadi matawi hayaonekani, na saa ile huamka wote kwa pamoja. Kuna kurumbiza kwenye migomba, kuna tetere, na wengine ambao hata leo siwajui majina. Nilikukuta umesimama peku kwenye umande, wewe uliyeogopa baridi ya Kasulu kuliko nyoka, tasbihi imetulia mkononi. Nikakuita. Ndipo ukasema polepole, "Kumbe hawakuisha." Ulikuwa unalia. Sijawahi kukuona ukilia kwa kitu kizuri, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Basi ndege hao hao ndio waliofuatwa na kunguru. Walikuwa wawili, dume na jike, nadhani walikuja na malori ya mizigo wakaona jalala la soko. Haikupita siku nikamwona mmoja juu ya mchikichi anachana kiota taratibu, kama mtu anayefungua bahasha, akatoa kinda. Mnana walimpigia kelele wote. Wala hakuwajali.

Jirani yangu Mama Yosia, anayeuza ndizi hapa barazani, alinicheka. "Dada, hao ni kunguru wetu. Bado wadogo tu, kifua hakijawa cheupe. Inyoni ni inyoni," akamalizia kwa Kiha, ndege ni ndege. Kweli kunguru wa huku wana kifua cheupe, na mtu asiyewahi kuishi na hawa wengine angejuaje? Nikamwambia, ngoja wazae, hutaona tena kifaranga kwako. Kusikia vifaranga, akaacha kucheka.

Nikaenda kwa afisa wa wanyamapori, bwana mmoja aliyehamishwa kutoka Morogoro, naye anawajua. Nikamweleza dawa yako: ua mmoja, mtundike kwa kamba juu ya paa, mwenzake atahama. Akatikisa kichwa.

"Atahamia wapi, mama? Kibondo. Akitoka Kibondo, Kakonko. Hawa tusiwafukuze. Tuwakaribishe."

Nikawakaribisha, Mama. Mimi, mwanao. Akaleta tundu kubwa la waya, mlango wazi, nami kila asubuhi naweka humo vichwa vya samaki. Soko zima likasema yule Mswahili wa dukani sasa anafuga kunguru. Nao wakanisoma. Nikitoka na sahani wanashuka. Akitoka Mama Yosia wanapaa. Yule jike alikuwa ananitazama kwa jicho moja, anapima, kisha anachukua kichwa cha samaki kikavu, anakilowesha kwenye ndoo ndipo ale. Subhanallah, nikasema, hii ni akili kamili. Miaka yote tuliyowapiga mawe hatukuwahi kuwatazama. Nao hawakuomba kuletwa.

Waliingia pamoja Ijumaa asubuhi. Afisa akavuta kamba, mlango ukaanguka. Hawakupiga kelele. Yule jike alinitazama mimi, wala si aliyevuta kamba. Afisa akaniuliza kama nataka kuingia ndani wakati anamaliza kazi. Nikabaki. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kuku uliyemlisha kwa mkono wako usimkimbie siku ya kisu.

Afisa anasema tusilale, wengine wanaweza kuja na malori. Najua. Nasikiliza juu ya bati kila nifunguapo duka.

Leo alfajiri mchikichi ulikuwa unatikisika kwa kelele, mpaka redio sikuisikia. Nikakimbia ndani kuwaamsha wajukuu zako, waje wasikie alichokililia bibi yao. Walikuwa wamelala fofofo. Rehema amejifunika shuka, sauti yote ile inapita juu yake na hata hageuki. Kwake hiyo ni asubuhi tu. Hajui kama kuna mji ambako ndege waliisha.

Nikawaacha walale.

Pumzika kwa amani, Mama yangu, na mawe yako uyaweke chini.

Mimi mwanao,
kitinda mimba wako wa Kasulu