Mbluberi wa Helen

Jumapili, 8 Agosti 2021
Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Barakoa, gwanda la plastiki, jasho. Nimerudi, nimeoga, moja kwa moja kwenye chungu cha mmea wa Helen. Maji ya mvua tu, ya bomba marufuku. Alisisitiza hivyo siku ile ya Juni ambulensi ilipomchukua kwa korona: anahema kwa shida, na bado ananinyooshea kidole kuhusu maji! Jirani yetu wa uzio mmoja huyu, mzaliwa wa Kanada. Bluberi, vitunda hivi vya buluu, huota porini kwao. Mche huu aliukuta kwa muuza miche wa milimani, akalia hapo hapo.
Sasa, Agosti ya baridi huku kusini mwa dunia, ni vijiti vitupu uani kwangu. Wakati wa baridi ndivyo ulivyo, alisema, usiogope. Naogopa.

Jumatano, 25 Agosti
Majani yametoka. Ya njano! Mishipa tu ndiyo kijani. Nimeketi chini kwenye zege. Kosa langu liko wapi? Jua la asubuhi umepata. Majani ya msonobari nimeutandikia. Binti yangu katafuta kwenye simu: "Mum, the soil's not acid enough." Eti udongo haujawa mchachu vya kutosha. Haiwezekani. Udongo ni uleule wa Helen.
Helen bado yuko kwenye oksijeni. Muuguzi anasema kila akipata pumzi anaulizia mmea wake.

Alhamisi, 26 Agosti
Nimeona kwa macho yangu.
Nilikuwa dirishani jikoni. Mama mkwe katoka na majivu ya jiko lake la mkaa, lile analopikia maharage uani. Kayachekecha, kayamwaga kuzunguka shina taratibu, kama anayempaka mtoto poda. Huku anamwombea Helen kwa Kirundi. Kumbe! Nimefukua kidogo: kijivu mpaka chini. Majira yote ya baridi amekuwa akifanya hivi.
Kwetu majivu ndiyo mbolea. Migomba Burundi, maboga kule kambini Tanzania, vyote tulivilea hivyo. Lakini mmea huu unataka udongo mchachu, na majivu yanaua uchachu. Mama anauua huku akiuombea.
Mkamwana hamkemei mama wa mumewe. Nimejifungia bafuni, nimeuma taulo. Nina hasira naye. Najichukia kwa hasira hiyo.

Jumamosi, 28 Agosti
Mume wangu ndiye kamwambia. Mama yuko kitandani, hataki chakula.
Nimeung'oa mmea, nimeosha mizizi kwa maji ya mvua. Vinyuzi vyembamba, vingi vyeusi. Udongo mpya wa mimea ipendayo uchachu nimepewa nje ya duka, kuingia hairuhusiwi. Nimekata matawi makavu. Yamebaki matatu.

Jumatatu, 13 Septemba
Helen kapiga simu mwenyewe! "How's my girl?" Binti yake ndiyo huo mmea. Mzima kabisa, nikasema. Majani yote yalikuwa yameshapukutika. Nimemdanganya mgonjwa, na uongo ukanitoka laini. Nimeshtuka.
Akirudi nitasema ni mimi niliyeuharibu. Nimeshaamua, Mama asiaibike.

Jumamosi, 2 Oktoba
Helen amerudi. Kakonda, lakini anatembea.
Maneno nilikuwa nimeyapanga. Mama akanitangulia. Kabeba chungu kwa mikono miwili mpaka kwenye uzio, kapiga goti, katoa Kiingereza chake chote: "Me. Ash. Sorry."
Helen kayatazama matawi. Kisha kagusa moja kwa ukucha. Chipukizi, la kijani, dogo kuliko punje ya mchele. Mimi sikuwa nimeliona. Akaniomba nimletee Mama kiti.
Wameketi mchana kutwa, kila mmoja upande wake wa uzio. Lugha ya pamoja hawana. Sikuwaingilia.
Jioni Mama kaniuliza kama Helen naye alikimbia kwao. Hapana, nikamwambia, alimfuata mume.
"Ni hivyo hivyo, kwao ni mbali," akasema, akaomba chai.