Jibu la Swali la Tisa

Kitengela
14 Mei 2024

Ndugu yangu Mwanzia,

Habari za Kajiado, na watoto wako wazima? Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Mama mkwe bado miguu inamsumbua lakini anakula. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu zangu hushiki. Hii nimempa Parsaoti wa matatu ya Kajiado akuwekee mkononi.

Kampuni yenu imekataa kulipa bima ya maisha ya mume wangu Wathome. Barua ni ya ukurasa mmoja. Inasema swali la tisa kwenye fomu liliuliza kama amewahi kutibiwa presha, jibu likaandikwa "hapana", na sasa wamepata rekodi za kliniki ya Isinya kwamba alimeza dawa miaka mitatu. Halafu wakaandika: "Marehemu alificha ukweli."

Nimemzika Februari. Mei anaitwa mwongo na watu ambao hawakuwahi kumwona. Mama yake ameisikia hiyo barua ikisomwa, na tangu siku hiyo haongei juu ya mtoto wake.

Wewe ndiye uliyetuuzia hiyo bima, na ni wewe ulijaza fomu kwa meza yangu. Niambie imekuwaje.

Dada yako,
Mwelu

*

Kajiado
23 Mei 2024

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, na pole tena. Huku ni vumbi na kikohozi, lakini tuko salama.

Wacha nikueleze vile mambo huenda. Fomu ikifika Nairobi inasomwa na watu wa kupima hatari. Hawamjui Wathome. Wanaangalia umri, kazi, uzito, magonjwa, sigara, hata wazazi walikufa na nini. Kutoka hapo wanaamua kama watamchukua mtu kwa bei ya kawaida, watamwongezea, au watamkataa. Wanaamini kile kimeandikwa. Lakini mtu akifariki kabla bima haijamaliza miaka miwili, wanarudi kuchunguza. Hawajamwonea Wathome peke yake.

Kuhusu presha, hakuniambia. Niliandika nilichosikia. Pengine aliona haya, wanaume tuko hivyo. Ningekushauri uachane nayo ulee watoto.

Mdogo wako,
Mwanzia

*

Kitengela
3 Juni 2024

Mwanzia,

Natumai mko wazima. Sisi tuko wazima.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda mpaka ofisi kuu. Nilikaa kwa benchi kutoka saa mbili mpaka saa saba, na waliponiambia nirudi wiki ijayo nikawaambia siondoki. Ndipo wakaniitia mama mmoja anaitwa Margaret, anasimamia hao wapima hatari wako. Nikamuuliza, "Kama mume wangu angeandika ukweli, mngemkataa?"

Akafungua faili. Akasema, "Hapana. Presha inayotibiwa tunaichukua kila siku. Tungeomba ripoti ya daktari, pengine apimwe tena, halafu tungeongeza kidogo malipo ya kila mwezi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama robo."

Robo, Mwanzia. Wathome angelipa hiyo robo bila kulalamika, na hakuna mtu angekuwa na neno la kusema juu yake leo.

Sasa nikukumbushe, kwa sababu nilikuwa hapo nikichambua sukuma wiki. Ulipofika swali la tisa Wathome aliinuka, akaleta pakiti ya dawa, akaiweka mbele yako. Ukasema, "Ficha hiyo, shemeji. Nikiandika hiyo watakuita vipimo, itachukua miezi, na mimi nafunga hesabu ya mwezi Ijumaa." Akakuuliza, "Haitaleta shida?" Ukasema, "Mimi ndiye najua hii kazi." Akaweka sahihi kwa sababu ulikuwa shemeji yake.

Nilikuuliza imekuwaje ili useme mwenyewe. Badala ya kusema, umesukuma uongo wako kwa mtu aliye kaburini, ukaongeza kwamba aliona haya. Wathome hakuona haya. Alikuonyesha.

Andika yote uliyofanya, uapishwe mbele ya wakili, upeleke kwa Margaret.

Mwelu

*

Kitengela
28 Juni 2024

Mwanzia,

Parsaoti anasema alikupa barua ukaisoma ukiwa umesimama. Wiki zaidi ya tatu zimepita. Watoto wanauliza mbona mjomba haji. Sijawaambia. Nitawaambia.

Mwelu

*

Kajiado
9 Julai 2024

Dada,

Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani.

Nakala ya hati ya kiapo iko ndani ya bahasha. Nimeandika pakiti ya dawa, na maneno niliyomwambia, na kwamba jibu la swali la tisa lilikuwa langu. Nimeipeleka mwenyewe. Margaret aliisoma yote mbele yangu, halafu akaomba kitambulisho changu cha wakala, akabaki nacho. Nilikaa wiki hizo zote nikijiambia kwamba marehemu haumii, na mimi niko na watoto wanne shuleni. Ni hivyo tu, hakuna sababu nyingine.

Nisamehe ukiweza.

Mwanzia

*

Kitengela
19 Agosti 2024

Mwanzia,

Habari za nyumbani, na mke wako anaendeleaje? Sisi tuko salama.

Kampuni imekubali kulipa. Wanasema kile wakala wao alijua ni kama wao wenyewe walijua, kwa hivyo watakata tu ile robo ambayo hatukuwa tumelipa. Lakini barua yao ya kwanza ya kukubali haikumtaja Wathome hata mara moja. Niliirudisha. Nilimwambia Margaret kwamba sitaweka sahihi ya kupokea pesa mpaka wafute yale waliyoandika Mei, kwa karatasi ya aina ile ile. Walivuta siku kumi na mbili. Ijumaa barua ikaja: "Marehemu hakuficha jambo lolote."

Nilimsomea mama mkwe kwa Kikamba, polepole, mara mbili. Alishika karatasi ingawa hasomi. Akaniuliza, "Sasa kama si mtoto wangu, nani alidanganya?"

Nikamwambia ni wewe.

Aliikunja ile karatasi. Halafu akasema uje umwambie mwenyewe, akikuangalia. Yuko hapa kila siku. Mimi nitakufungulia mlango na nitakupa chai. Zaidi ya hapo, usiniombe bado.

Dada yako,
Mwelu