Kile Nilichokutilia kwenye Uji

Mwaitu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba kinanitia aibu zaidi. Kikamba ni kama umekaa pale jikoni, umekunja mikono, unanisikiliza.

Hukuwa unavumilia mtu anayezungukazunguka, kwa hivyo nisizunguke. Ule uji wako wa wimbi, miezi mitatu ya mwisho, ulikuwa na bangi. Niliipika kwenye samli, nikaichuja, nikawa nakutilia kijiko asubuhi na kingine saa kumi. Mwanao Mutua hakujua. Daktari hakujua. Na wewe mama yangu, uliyekunywa, hukujua.

Namjua mtu niliyemfanyia hivyo. Ulikataa dawa ya kikohozi kwa sababu ilinuka pombe. Ulimtoa mjomba kwenye harusi yangu, shavu limemjaa majani ya muguka anayoyatafuna, na muguka unauzwa peupe pale steji ya Kibwezi bila askari kuuliza kitu. Nilipokuambia serikali imeuruhusu, ulinijibu, "Hiyo serikali haitakuwa hapo nikiulizwa." Na siku tuliyoambiwa kansa imeingia kwenye mifupa, hukuuliza habari ya maumivu. Tulipofika nje ulinishika mkono ukasema, "Nduku, mimi nataka niende kwa Mungu na akili yangu yote." Nikakuambia sawa.

Halafu maumivu yakaja. Hukujisikia wewe, Mwaitu, ulivyokuwa unalia ukigeuzwa tu kitandani. Ile mofini ya hospitali, dawa ya maji inayofungiwa kabatini kwa kufuli, ikaisha. Tukaambiwa turudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa vile vile. Muuguzi aliniambia hata hiyo hutoka kwa mmea, na mmea wenyewe hauruhusiwi kupandwa ovyo, ila yenyewe ina karatasi ya daktari. Bangi yangu haina karatasi hapa kwetu. Sheria haiulizi kama ni ya mgonjwa au ya mlevi. Ukipatikana nayo ni kesi. Niliichukua kwa mtu wa mji wa Sultan Hamud ambaye hata wewe sikutajii, nikaibeba chini ya ndengu, ndani ya kiondo ulichonisukia mwenyewe. Mimi, mwalimu wa watoto wa kanisa! Nilitetemeka hadi mama mmoja kwenye gari akaniuliza kama nina malaria.

Siku ya tatu ulikula. Sahani nzima ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukaitisha nyingine. Ukalala mchana wote, ukaamka ukimcheka jogoo, eti anatembea kama MCA aliyeshinda kura. Ukaomba katani yako, vidole vikaanza kusokota tena. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, na hiyo furaha sitaikana hata leo.

Lakini Jumapili ukataka tukupeleke kanisani. Ukasimama umeshikilia kiti cha mbele, ukatoa ushuhuda kwamba Bwana amekuondolea maumivu bila dawa ya mtu yeyote. Kanisa zima likapiga makofi. Pasta akasema amina. Na mimi nikasema amina, Mwaitu, tena kwa sauti.

Ningesema jioni ile nikikuvua viatu. Ulikuwa unaimba. Nikavipanga viatu mlangoni.

Kuna siku nyingine ambayo nikiikumbuka natamani kujificha chini ya kitanda. Samli ilikuwa mpya, nayo ilikuwa kali, na sikupima vizuri. Ulimi ukakukauka, moyo ukaenda mbio, ukasema ukuta unapumua na marehemu baba amesimama mlangoni na jembe lake. Hujawahi kuogopa hivyo mbele yangu. Mutua akampigia pasta, akaja na akina mama wanne, wakakemea pepo kutoka saa nane hadi saa kumi na moja. Nilikemea nao. Niliweka mkono kwenye kichwa chako nikakiamuru kijiko changu mwenyewe kitoke. Ulipotulia ulinitazama ukasema, "Asante kwa kuniombea."

Kesho yake nilipunguza. Sikuacha.

Ukafa ukiwa umelala, na nikausoma ushuhuda wako kwenye wasifu siku ya mazishi, nimevaa leso yako. Watu walilia. Pasta bado anausimulia. Wageni wakija, anakutaja.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Mama Kyalo, jirani yako wa kwaya, ameonekana na uvimbe kwenye titi. Daktari alimwambia amewahi, unatibika. Akaenda mara mbili, akaacha. Nilipomuuliza, alinijibu hivi, bila hasira: "Kama mamako aliondolewa yake bila dawa, mimi nimekosea Mungu wapi?"

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda chako. Niliogopa jela, sikufichi. Niliogopa jina lako kuchafuka, watu waseme mama wa watu alikuwa anatoa ushuhuda akiwa amelewa. Nilikaa hivyo wiki mbili nzima, Mwaitu, na uvimbe wake ukiendelea. Hizo wiki mbili pia naziungama.

Jumatatu nilienda. Alikuwa anachambua ndengu kwenye uteo, na hakuacha kuchambua mpaka nikamaliza yote. Nilijitayarisha kwa matusi. Nilijitayarisha aseme ataniripoti. Hakuuliza habari ya polisi wala ya pasta. Aliuliza, "Na yeye ulimwuliza?"

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

Nikasema kwa sababu angekataa.

Alimwaga ndengu kwenye sufuria, akaingia ndani, akaniacha na kuku wake. Miaka yote hii nimejiambia kosa langu ni la sheria, na nyumbani kwa mtu, kwa swali moja, nikajua nilikuibia kitu ulichonikabidhi kwa mdomo wako, ukinishika mkono.

Alhamisi alituma ujumbe nimpeleke hospitali. Tumeenda, ameanza dawa, tutarudi mwezi ujao. Kule kwenye benchi nilimnunulia chai. Aliinusa kwanza, akanitazama, ndipo akanywa. Sikumlaumu. Kila nikimpa kitu anakinusa, nami namngojea amalize kunusa.

Jumapili nitasimama pale uliposimama. Nitawaambia hukudanganya, uliambiwa uongo na binti yako. Wakitaka kuninyang'anya watoto wa kanisa, wanyang'anye, na askari wakija watanikuta. Pasta nimeshamwambia nina neno la kusema, anafikiri ni ushuhuda.

Kaa na baba vizuri huko. Sikuombi unisamehe upesi, maana nakujua, huwa huharakishi. Sijutii kwamba ulilala. Lakini nilipaswa kukuuliza, Mwaitu. Ungekataa, ungelia, na mimi ningekaa pale kitandani nikikusikiliza, na hicho ndicho nilichokimbia.

Binti yako,
Nduku