Mbuzi wa Mama Kulwa

Bukombe, Alhamisi

Mke wangu mpendwa, Bibi,

Shikamoo. Nakuomba uitikie kwa sauti, hata kama majirani watakushangaa, maana huku ni majuma sasa sijaitikiwa salamu na mtu. Goti lako linaendeleaje? Kahawa imechanua? Kikohozi cha Babu kimempa nafasi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umebanwa. Shangazi Anastazia, wewe unayemsomea, usiruke mahali. Nakujua, unapenda kuficha mabaya ili Bibi apate usingizi. Safari hii soma yote.

Unakumbuka siku jina langu lilipotokea kwenye orodha ya ufadhili wa serikali, ukapiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia migombani? Padri akatangaza kanisani kwamba mjukuu wako atalipiwa masomo achunguze jinsi wananchi wanavyoshirikiana na polisi kulinda vijiji vyao. Wewe ukauliza, "Kwani kumkamata mwizi kunahitaji digrii?" Nilicheka sana. Leo swali lako limenikaa kooni.

Kijiji nilicholetwa kiko kati ya majaruba ya mpunga na mashimo ya dhahabu. Asubuhi wengine wanatoka na majembe, wengine na sururu. Walinzi ni wao wenyewe, ndio hao sungusungu, na mkubwa wao huitwa mtemi. Sheria wanazo nyingi, lakini moja iko juu ya zote: ukilia mwano, yaani yowe la hatari, kila anayelisikia hukimbilia linakotokea. Mwenye unga mikononi hukimbia na unga wake.

Nilipofika, mwenyekiti aliwasomea watu barua yangu ya kibali, wakanipigia makofi. Mjane mmoja, Mama Kulwa, ambaye mapacha wake wote wawili wameolewa Kahama, akanipa chumba uani kwake. Mwezi wa kwanza nilikuwa mfalme. Wazee walinieleza mambo mpaka masikio yakachoka.

Basi alasiri moja mwano ukalia. Wezi walikuwa wameswaga ng'ombe wa kulimia wa mzee mmoja. Kijiji kizima kikapita mbio mbele ya mlango wangu, na mimi, Bibi, nimekaa kwenye kigoda. Chuoni tulifundishwa kwamba mtafiti haingizi mkono katika jambo analolichunguza, anatazama tu. Nikatazama. Nikaangalia na saa, nijue wamechukua muda gani kukusanyika. Na mzee mwenye ng'ombe alipopita akihema, nikampungia mkono.

Ng'ombe walipatikana jioni ile ile, wamefichwa korongoni. Wezi hawakuonekana, na namshukuru Mungu, maana marungu niliyoyaona siku ile sikuyapenda. Kesho yake nikaitwa uwanjani. Mtemi mwenyewe ni mtu mpole, mkulima wa viazi, hata sauti hapandishi.

"Mwano uliusikia?"

"Niliusikia, mzee. Ila mimi ni mtafiti, siruhusiwi kuingilia."

"Nani kakukataza?"

"Taratibu za ufadhili."

Akawageukia wenzake. "Mtu anayekaa wakati mwano unalia, huyo anajua ng'ombe wameelekea wapi."

Wakanitenga papo hapo. Nitarudishwa siku nitakapotoa mbuzi, achinjwe pale uwanjani, niape kuitika mwano, na niile nyama ile pamoja nao.

Hujawahi kuona kutengwa, Bibi. Hakuna anayenipiga wala kunitukana, na afadhali wangenitukana. Nikisema "mwangaluka", ndiyo salamu yao ya asubuhi, wanatazama vidole vyao vya miguu. Mama lishe hanipi chai. Bodaboda wananipita siti tupu. Simu yangu haichajiwi kibandani, ndiyo maana unapata karatasi. Mwenyekiti yule aliyesoma barua yangu akiniona hukata kona. Anayeongea nami naye hutengwa. Nilimwendea polisi wa kata, akanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu," akasema, "wangekupiga ningewakamata. Sasa nimkamate mtu kwa kosa la kutokukusalimia?"

Nikatembea hadi Ushirombo, nikachaji simu, nikampigia msimamizi wangu. Bwana yule akafurahi! "Hiyo ndiyo data, Deo! Kaa hapo hapo!" Nilipomweleza habari ya mbuzi, furaha ikamkauka. Nikitoa mbuzi nitakuwa nimewalipa watu ninaowachunguza, na nikila kiapo chao nimeshakuwa mmoja wao. Kwa vyovyote ufadhili unafutwa. Nikirudi nyumbani kabla ya muda, unafutwa vilevile. Na nikitoroka, huku watasema kumbe kweli alikuwa wa wezi. Kila ninakogeukia ni ukuta. Usiniulize kwa nini sikukupigia na wewe siku hiyo. Ningeisikia sauti yako, ningelia mbele ya wauza dagaa.

Anayeniweka hai ni Mama Kulwa. Yeye naye amekatazwa kusema nami, na anashika sheria kuliko mtemi. Lakini hakuna aliyemkataza kusema na mbuzi wake. Ni mbuzi jike mweupe, sikio moja limechanika, hufungwa mbele ya mlango wangu. Jioni moja nikamsikia: "Wewe mbuzi, kuna michembe ya viazi vikavu na karanga chini ya ungo. Ukijifanya una haya, utalala njaa, shauri yako." Nikadhani mama wa watu amechanganyikiwa. Alipoondoka nikafunua ungo, nikala mpaka nikalia.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. "Wewe mbuzi, mvua hiyo, anua nguo zako." "Wewe mbuzi, hiyo suruali ifue, unautia aibu mji wangu." Mimi nami siwezi kumjibu yeye, kwa hiyo namjibu mbuzi. Namwambia ahsante. Namsimulia habari zako, jinsi ulivyomkimbia daktari wa meno ukamwachia kanga. Siku hiyo Mama Kulwa alinipa mgongo, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Mbuzi anatafuna tu.

Juzi alikuja bila chakula, akachuchumaa kupepeta mchele. "Wewe mbuzi," akasema polepole, "nimetoka kwa mtemi. Nimemwambia mgeni wangu hana mbuzi, ila mimi ninaye, na amekubali. Jumamosi utakwenda uwanjani. Usinitazame hivyo."

Nikamwambia mbuzi hapana. Nikamwambia mambo yote ya ufadhili, mpaka ya msimamizi. Mama Kulwa akaendelea kupepeta mchele wake. Asubuhi alipokwenda kisimani nikafungua kamba, nikamswaga mbuzi aende zake. Akaenda hadi kwenye mahindi ya jirani, akala, akarudi kusimama pale pale mlangoni. Nikamfunga tena. Niliona aibu, Bibi, kama mtu aliyekamatwa.

Sasa nisikilize. Nisipokwenda Jumamosi, Mama Kulwa atakuwa amemwombea mtu anayewadharau, na watamgeukia yeye. Atengwe kwa umri ule, wanawe wako mbali, nani atamtekea maji? Nikienda, masomo yamekwisha, yale yaliyotangazwa kanisani. Na sitakuwa huru hata hivyo: nikishaapa, mwano ukilia nitakimbia nao, na siku wakimkuta mwizi sijui mkono wangu utafanya nini. Naogopa. Lakini nitakwenda, na nitakula. Padri msimwambie, nitamwambia mwenyewe nikifika, kama bado mtanipokea.

Barua hii namkabidhi dereva wa lori la mpunga, aifikishe stendi ya Kahama. Si mtu wa hapa, hajui lolote. Aliniita "kaka" nikamshika mkono nisimwachie, akadhani namwomba lifti.

Nisalimie Babu, mwambie ndama asimuuze kwa ajili yangu. Nisalimie mjomba katekista, na dada yangu pamoja na kichanga chake ambacho sijakibeba. Shangazi, wewe pokea zako hapo hapo ulipo.

Najua hapa ningepaswa kuandika kwamba wote wa huku wanakusalimu. Hawajanituma. Ila sasa hivi Mama Kulwa amepita, ameniona naandika, akamwinamia mbuzi. "Wewe mbuzi," akasema, "kama una bibi huko kwenu, msalimie. Mwambie mtoto wake anakula."

Salamu zake nimezifikisha, Bibi, maana mbuzi hataweza. Itikia.

Mume wako uliyemlea mwenyewe,
Deo